Ushuhuda wa Siku ya Ishirini na Mbili

Katika kanisa letu, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ushuhuda hutolewa baada ya kwaya ya pili na kabla ya sadaka. Mtu huenda mbele, husema "Bwana asifiwe" mara tatu, kisha hueleza alivyokuwa zamani na alivyo sasa. Hakuna aliyeandika sheria yake, lakini kila mtu anajua umbo lake: mwanzo ni shimo, mwisho ni mlima. Sijawahi kumwona mtu akishuhudia akiwa bado anapanda.

Mimi nilishuhudia siku ya ishirini na mbili.

Nilikuwa nimekunywa kachasu, pombe kali ya mahindi na sukari inayopikwa majumbani huku Malawi, kwa miaka kumi na moja. Watu walilijua hilo. Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, na katika kambi yenye mafundi nguo wengi kama yetu, mtu wa kazi hiyo hawezi kujificha. Waliwahi kunikuta asubuhi nimelala kando ya bomba la maji, bisibisi bado mkononi. Kwa hiyo niliposimama mbele yao nikiwa na koti lililopigwa pasi, nikasema nimeachana na pombe milele, kanisa zima lilisimama. Kina mama walipiga vigelegele. Kwaya ilishuka jukwaani ikanizunguka ikiimba. Kabla sijarudi kwenye benchi, mzee mmoja wa kanisa alinivika begani mshipi wa kijani, ule unaovaliwa na wanaopokea waumini mlangoni.

Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, safu ya nne. Yeye hakupiga makofi. Mikono yake ilikaa juu ya mkoba wake tangu nilipoanza hadi nilipomaliza. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akavipanga, akaniuliza:

"Papa, milele iko siku ngapi?"

"Milele ni milele."

"Mi nilihesabu ishirini na mbili. Hizo zingine ulizitoa wapi?"

Nilikasirika. Nilimwambia hana imani. Alinijibu kwamba imani iko, ila hesabu pia iko, kisha akaenda kuwasha mkaa.

Yeye ni mtu wa Uvira, mimi ni wa ng'ambo ya ziwa, Burundi, na Kiswahili chake ndicho kilichotawala nyumba yetu tangu tulipooana hapa kambini. Ni fundi nguo. Tulijuana kwa sababu ya cherehani yake iliyokuwa ikikata uzi. Nataja jambo hili kwa sababu linahusu yaliyofuata: mke wangu anajua kazi yangu, na anajua ninachohitaji ili niifanye.

Siku ya thelathini na moja nilikwenda Lilongwe kununua sindano za cherehani. Hilo lilikuwa kweli, zilikuwa zimeniishia. Njiani kuelekea dukani nilipita Mchesi, na hapo hakuna aliyejua kwamba mimi ni muujiza. Mama mmoja alikuwa na beseni la mandazi, na nyuma ya beseni, chini ya kitambaa, alikuwa na kitu kingine. Aliniita *bambo*, kama wanavyomwita mtu mzima yeyote kwa Kichewa, akanipa kikombe. Nilisema *zikomo*, asante. Ndivyo nilivyoanguka, kwa adabu kabisa, mchana, nimesimama.

Kama nisingekuwa nimeshuhudia, ningerudi nyumbani nikasema: leo nimekunywa. Mke wangu angekasirika, na kesho yake tungeanza kuhesabu upya kutoka moja. Lakini ni nani anayemrudia Mungu na watu mia nne kuwaambia kwamba ule mlima haukuwa mlima? Niliosha mdomo kwa maji, nikatafuna karafuu, nikarudi Dzaleka. Jumapili nilisimama mlangoni na mshipi wangu wa kijani, nikawashika watu mikono. Wengine waliniletea ndugu zao walevi wanione. "Huyu njo yule," walisema, yaani huyu ndiye yule. Mlevi alinitazama, mimi nilimtazama, na ni mimi niliyekuwa nimekunywa karibuni zaidi.

Hali hiyo ilidumu miezi mitano. Kila nilipozidiwa na kiu nilisema ninakwenda Lilongwe kununua sindano. Kwa kuwa mimi si mtu wa kusema uongo nusu nusu, kweli nilizinunua. Nilizileta nyumbani na kuziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

Asubuhi moja mke wangu alilishusha lile kopo akalimwaga mezani. Pakiti za sindano zilifunika meza, nyingine zikaanguka chini.

"Papa, hizi sindano zote, unataka kushona Malawi muzima?"

Niliinama kuokota zilizoanguka.

"Sindano moja inakaa wiki ngapi? We njo fundi. Sema."

"Inategemea kitambaa."

"Kitambaa!" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Hata ungeshona mabati."

Hakupiga kelele. Alizirudisha pakiti moja moja ndani ya kopo, akafunga nguo zake, akamwomba mwenye kabaza, zile baiskeli zinazobeba watu, ampakie cherehani. Mdogo wake anakaa Kauma, upande wa Lilongwe, na alikuwa amemwambia mara nyingi aende washone pamoja sare za shule. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ushuhuda mukubwa nilisikia. Siku utakuwa na ukweli kadogo, uniletee. Lakini kawe kadogo, papa. Ile mikubwa mi sitaki tena."

Nilibaki na nyumba, meza, na mshipi wa kijani uliotundikwa msumarini. Nilitaka mke wangu arudi. Sikuwa na shaka juu ya hilo, hata nikiwa nimelewa. Lakini sikuelewa ukweli mdogo ni kitu gani, wala unapatikana wapi.

*

Nilisoma hadi darasa la sita. Mengine nilijifundisha mwenyewe. Cherehani nilijifunza kwa kitabu cha kiwandani kilichoandikwa kwa lugha nisiyoijua mpaka leo. Nilifuata michoro, nikafungua mashine mbovu na kuifunga mara arobaini, mpaka nikajua kila skrubu inakaa wapi. Kutokana na kazi hiyo nilijiwekea kanuni moja. Mteja anapoleta cherehani inayoruka mishono, simwulizi kimeharibika nini, kwa maana hajui. Ninamwuliza kilitangulia nini. Ulishona kitambaa gani? Nani aliitumia kabla yako? Ilianguka? Mara nyingi ubovu hauko pale unapoonekana.

Kanuni hiyo sikuwahi kuitumia kwangu mwenyewe. Aliyenifanya niitumie ni mama mmoja muuza usipa, samaki wadogo wakavu wa ziwa la huku Malawi. Kwao Bukavu alikuwa muuguzi. Kila Jumanne asubuhi alikusanya watu wanaotaka kuacha ulevi katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya mafundi nguo. Nilikwenda hapo kutengeneza cherehani ya karakana, nikawasikia kupitia ukutani. Jumanne iliyofuata nilikwenda bila bisibisi.

Kabla ya jambo lolote alinitazama mikono.

"Inatetemeka tangu lini?"

"Nikikosa asubuhi."

"Basi usiache leo peke yako nyumbani. We utaanguka kifafa. Tutaenda kiliniki kwanza, uache mbele ya batu banaojua."

Sikuwahi kusikia kwamba kuacha ghafla kunaweza kumwua mtu aliyekunywa kama mimi. Alinipeleka mwenyewe, akaacha samaki wake kwa jirani. Nilikaa kliniki siku tano wakinipa dawa. Siku ya kwanza niliihesabu kuanzia hapo.

Niliporudi kwenye chumba cha Jumanne tulikuwa watu saba. Wa kwanza alisimama akasema alikunywa Jumamosi, akaeleza kwa nini, akakaa. Wa pili alisema hajanywa wiki mbili, akakaa. Zamu yangu ilipofika nilisimama jinsi nilivyozoea. Nilisema "Bwana asifiwe." Nilianza na shimo, nikapanda vizuri, nikafika kileleni kwa sauti, kisha nikanyamaza nikisubiri.

Hakuna kilichotokea. Nilijihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Hapa hatupigake makofi," alisema yule mama. "Njo sheria. Mutu akianguka, hatulii. Akisimama, hatupigi makofi. Ukae, mzee. Una siku ngapi?"

"Nane."

"Nane. Asante."

Mtu aliyekaa kando yangu, mchoma matofali, aliniinamia akanong'ona: "Mzee, umehubiri vizuri. Ukifungua kanisa utuambie." Chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kucheka bila kitu tumboni.

Yule mama alitupa kila mmoja kazi. Mimi alinipa kazi ya kuandika. Alisema: kila kiu ikija, usipigane nayo kwanza, andika kilichotangulia. Nilimtazama kwa mshangao. Hakujua kwamba alikuwa ananirudishia kanuni yangu mwenyewe.

Nilichukua daftari, ambalo sisi huliita kaye, nikapiga mistari ya safu nne. Saa. Mahali. Kilichotangulia. Nguvu ya kiu, kutoka sifuri hadi kumi. Kabla ya kuanza niliandika kwenye ukurasa wa mwisho nilichotarajia kuona: njaa, habari mbaya kutoka kwetu, ugomvi, upweke wa nyumba. Hata fundi anayejiona anajua ubovu uko wapi lazima afungue mashine.

Niliandika wiki saba. Kisha, Jumapili moja baada ya ibada, nilikaa mezani nikaanza kupanga. Njaa ilikuwepo, lakini ilifika tatu au nne, ikaisha nilipokula nsima, ugali wa huku. Nyumba tupu ilifika tano, sita ikinyesha mvua. Lakini kiu za nane, tisa na kumi, zile zilizonifanya nivae viatu, zilikuwa kumi na saba, na kumi na tatu kati yake zilitanguliwa na jambo lilelile. Nilihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Mteja kanishika mkono kasema, "Mzee, mukono yako iko ya Mungu." Mchungaji kanitaja katika mahubiri. Mama fulani mlangoni kaniambia anamwombea mwanawe awe kama mimi.

Sifa. Kiu yangu kubwa ilikuja baada ya sifa.

Jumanne nilimpelekea yule mama kaye. Aliisoma polepole, akifuata safu kwa kidole chenye magamba ya samaki. Hakuniambia maana yake. Aliuliza tu:

"Sifa ya kwanza kabisa, ile ilianza kukuunguza, ulipewa wapi?"

Nilijua mara moja. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Usiniambie mi," alisema haraka, akaninyooshea kaye. "Mi niko muuza usipa. Uambie mutu ulimudanganya muda murefu zaidi."

*

Ilinichukua wiki mbili zaidi kupata ujasiri wa kwenda Kauma. Siku hiyo nilipita Mchesi. Yule mama wa mandazi alikuwa palepale na beseni lake. Alinisalimu, nikamsalimu, nikanunua mandazi manne nikiwa nimetazama mandazi tu. Nilipima nguvu ya kiu: nne. Niliandika nikiwa nimesimama kando ya barabara, kisha nikaendelea.

Mke wangu alikuwa barazani kwa mdogo wake, akishona sare za bluu. Aliniona, hakusimama. Nilisikia kabla sijafika kwamba cherehani inaruka mishono: tak-tak, tupu, tak. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuelekea mashine.

"Usiguse masini," alisema. "Ukae. Sema kwanza."

Nilikaa juu ya kigoda nikamwambia.

Tangu tuoane, na tangu kabla hatujaoana, nilijulikana kama mtoto aliyemfumba baba yake macho. Nilikuwa na miaka kumi na saba vita ilipofika kijijini kwetu. Baba yangu alijeruhiwa, akalala uani, akaniomba maji. Nilichukua kibuyu nikakimbia kisimani. Hadithi niliyowasimulia watu wote ni kwamba nilirudi nikamnywesha, nikamshika kichwa, akaniachia baraka, akafa mikononi mwangu, nikamfumba macho. Shangazi zangu walinilaki mpakani wakilia kwa fahari. Kambini watu waliniita kusema maneno kwenye misiba kwa sababu hiyo. Mke wangu alinikubali, alishawahi kuniambia, kwa sababu hiyo: mtu aliyebaki na baba yake hatamwacha mke.

Kweli ni kwamba nilifika kisimani, nikajaza kibuyu, nikasikia risasi. Niliingia katika shamba la mtama nikalala kifudifudi. Risasi zilikoma mapema. Mimi niliendelea kulala. Nilisikia ndege wakirudi kwenye mtama, na bado nililala, mpaka kivuli kikageuka upande wa pili. Kibuyu kilikuwa kimejaa kando yangu muda wote. Nilipofika nyumbani jirani alikuwa amekwisha kumfumba baba macho. Nilimkuta amefunikwa mkeka. Maji niliyamwaga mlangoni nisije nikaonekana nayo.

Mke wangu alikuwa ameacha kukanyaga pedali. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimening'inia kwenye sindano.

"Kibuyu kilijaa?" aliuliza.

"Kilijaa."

Alijifuta uso kwa kipande cha sare.

"Miaka yote hii kulikuwa na kitu kinalala katikati yetu," alisema. "Mi nilifikiri iko mwanamuke."

"Hapakuwa na mwanamke."

"Ningejua iko mutoto wa miaka kumi na saba anaogopa, ningemusongezea blanketi."

Hapo nililia. Sitaeleza zaidi, niseme tu kwamba nililia mchana kweupe, barazani, mbele ya watu waliokuwa wakipita, na sikuona haja ya kujifunika. Nilipomaliza aliniletea maji ya kunywa ndani ya kikombe cha bati. Sote wawili tuliyatazama yale maji kabla sijayanywa.

"Njo kale kadogo nilikuwa ninataka," alisema. "Lakini papa, ile uongo ya baba yako umeiondolea hapa kwa sababu mi njo ulinidanganya. Ile ya kanisa ulisemea kule, mbele ya batu. Utaiondolea kule."

"Nikiiondoa utarudi?"

"Mi sijasema nitarudi. Nimesema utaiondoa."

Kisha alisogea kando kidogo, akanionyesha cherehani kwa kidevu. "Sasa uguse."

Ncha ya sindano ilikuwa imepinda kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni ila ukucha unakisikia. Nilimwuliza kama ana nyingine. Alinyoosha mkono chini ya meza akatoa lile kopo la maziwa ya unga. Alikuwa ameondoka nalo.

"Nilichukua kama ushahidi," alisema. "Sare za shule mbili zimeshonwa na ushahidi. Angalau ulevi wako ulituachia sindano."

*

Mchungaji hakufurahi nilipomwomba nafasi. Ni mtu mwema, na alisema alichoamini. "Mzee wangu, ushuhuda ni kwa kumtukuza Mungu. Ukisema ulianguka, wadogo watajikwaa. Rudisha mshipi kimyakimya, sisi tutakuombea."

Nilimwambia kwamba mshipi nilivikwa mbele ya watu, kwa makofi, na kwamba wapo walevi walioletwa kunitazama mimi nikiwa nimekunywa. Hao walijikwaa tayari, juu yangu. Alifikiri, akashusha pumzi, akasema: "Baada ya kwaya ya pili. Na usirefushe."

Sikurefusha. Nilikuwa nimeandika kwenye kaye na nilisoma, maana sikuuamini ulimi wangu mbele ya watu wanaoitikia amina.

"Bwana asifiwe," nilisema mara moja tu. "Niliwaambia nimeachana na pombe milele. Siku zile ishirini na mbili zilikuwa za kweli. Milele haikuwa ya kweli. Siku ya thelathini na moja nilikunywa Mchesi, nikaendelea miezi mitano, na Jumapili zote hizo nilisimama mlangoni nikawashika mikono. Naomba mnisamehe. Sasa ninahudhuria mahali wanaponisaidia, na kliniki ilinisaidia. Leo ni siku ya tisini na saba. Kesho siijui. Nikianguka nitawaambia siku ileile, na ninaomba mniruhusu kuwaambia."

Nilivua mshipi wa kijani nikauweka juu ya meza.

Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga kinanda alikuwa ameinua mikono, akaishusha. Nilisikia mtoto akikohoa safu za nyuma. Nilianza kurudi kwenye benchi, na nilikuwa nimefika katikati ya njia pale mama mmoja fundi nguo, mteja wangu wa siku nyingi, aliposema kwa sauti ya kawaida, kama tuko sokoni:

"Sasa mzee, kesho utafungua? Masini yangu inakata uzi."

"Nitafungua."

"Njo hiyo tu nilitaka kujua."

Kicheko kilianzia kwake, kikapita safu kwa safu, kicheko cha watu waliokuwa wamezuia pumzi. Kabla hakijaisha, mwanaume niliyekuwa nikisimama naye mlangoni, yeye upande wa kushoto na mimi wa kulia, alikuja mbele. Alivua mshipi wake.

"Mi nilishuhudia mwaka jana," alisema. "Mwaka muzima. Iko kama yake." Aliuweka mshipi wake juu ya wangu.

Mchungaji alisimama. Nilidhani atamkemea. Alitazama ile mishipi miwili kwa muda, kisha akasema tuinamishe vichwa tuombe, na sauti yake haikuwa ile ya mahubiri. Jumanne iliyofuata chumba cha nyuma ya karakana kilikosa viti. Watu wanne walikuwa wametoka kanisani kwetu, na mmoja wao alikuwa mpiga kinanda. Mchoma matofali alinigusa kwa kiwiko. "Nilikuambia ufungue kanisa," alisema, "sasa umelileta lote huku."

Habari ilifika Kauma kwa simu kabla mimi sijafika nyumbani kutoka ibadani. Sikumpigia mke wangu. Niliona kwamba neno langu lilikuwa limekwisha, na lililobaki lilikuwa lake. Jumatatu nilifungua kazi, nikatengeneza ile cherehani inayokata uzi. Jumanne nilikwenda chumbani. Jumatano nilisafisha nyumba, si kwa matumaini bali kwa sababu ilikuwa chafu, ingawa nakiri niliosha hadi miguu ya meza.

Alhamisi kabla ya saa sita mchana kabaza ilisimama mbele ya mlango ikiwa imebeba cherehani. Ya pili ilimbeba yeye, na kopo la sindano mapajani. Aliingia, akasimama katikati ya chumba, akanusa.

"Nyumba inanuka mafuta ya masini."

"Nilifungua madirisha."

"Haitoshi." Alifungua mlango wa nyuma. Alirudi, akanitazama mikono kwanza, kisha uso. "Leo iko siku ngapi?"

"Mia moja na moja."

"Mia moja na moja," alirudia, kama mtu anayepokea kipimo cha kiuno na kukiandika kichwani. "Haya. Hiyo naweza kuishi ndani yake. Ubebe masini."

Niliibeba.

*

Huu ni mwaka wa nne. Niliahidi kusema siku ileile nikianguka, na mara moja nilisema, katika mwezi wa nane, baada ya msiba. Nilirudi moja. Mke wangu aliandika moja ukutani kwa chaki ya mafundi, hakuongeza neno. Tangu hapo sijarudi.

Baba yangu ninaweza kumtaja sasa. Kwenye misiba wakiniita kusema, ninasema kuhusu mtama na kibuyu, na mara zote kuna mtu anayenifuata baadaye, kando, kuniambia alikojificha yeye. Nimekwisha kusikia kuhusu visima, mapipa, chini ya kitanda cha jirani. Ninawasikiliza. Sipigi makofi, silii. Ninawaambia asante.

Mwezi uliopita wanawake kumi na mmoja niliowafundisha kutengeneza cherehani walimaliza mafunzo. Tulikutana katika ukumbi mdogo Lilongwe, wao wakiwa wamevaa vitambaa vipya, kila mmoja akiwa na bisibisi yake imefungwa utepe. Mmoja wao alisimama akaeleza jinsi nilivyowafanya wafungue na kufunga mashine ileile mpaka waichukie. Kisha alitamka jina langu, na watu wote wakasimama wakapiga makofi. Yalikuwa mengi, kama yale ya siku ya ishirini na mbili, na vigelegele juu yake.

Nilisimama nikayapokea. Nilisubiri, kama anavyosubiri mtu aliyezoea mlango fulani kumpiga usoni. Nilisikiliza mdomo wangu, tumbo langu, miguu yangu ndani ya viatu. Makofi yaliisha, watu wakakaa, sahani za wali zikaanza kupita.

Mke wangu, ambaye safari hii alikuwa amepiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu, aliniinamia.

"Kiu iko ngapi?"

Nilijichunguza tena, polepole, kwa maana alistahili jibu sahihi.

"Sifuri."

Alinitazama kuhakikisha. Kisha alifungua mkoba wake, akatoa kaye na biro, akaviweka kando ya sahani yangu.

"Uandike basi," alisema. "Kisha ukule, wali unapoa."